Mashahidi wa Mama Birika

Benchi letu liko pale barabara ya malori inapokunja kuingia lango la bandari, kati ya duka la kinyozi na kibanda cha kahawa cha Mama Birika. Ukikaa hapo unaona ukuta wa bandari, unaona makontena yaliyorundikwa mpaka yamechungulia juu ya ukuta, na unaona migongo ya malori yaliyosimama foleni tangu sheria mpya ya ushuru ianze. Ng'ambo ya barabara kuna ukumbi wa shule. Nasema mapema kwamba ukumbi uko ng'ambo ya barabara tu, watu wasije wakadhani ulikuwa mbali. Ukipiga chafya benchini, aliye ukumbini anakuombea afya.

Siku ya mkutano wa maoni tulikuwa wanne benchini na mimi wa tano nimekalia kreti la soda. Kulikuwa na Winchi, mstaafu aliyeendesha winchi bandarini na sasa anaizungumzia bandari kama mtu anavyomzungumzia mke aliyeachana naye. Kulikuwa na Kipara, kinyozi, ambaye jina linamkaa vizuri mno kwa mtu anayeishi kwa nywele za wenzake. Kulikuwa na Breki, dereva ambaye lori lake lilikuwa humohumo kwenye foleni. Na kulikuwa na Tamko. Tamko kazi yake haijulikani, ila hajawahi kufungua mdomo bila kuanza na neno "kimsingi".

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Zamani mzigo wa nchi jirani ulikuwa unapita tu hapa, ushuru unalipwa mpakani. Wakubwa wakajenga bandari kavu nje ya mji, mahali papana, wakakata utepe, wakala, wakaondoka. Utepe haujafifia rangi, sheria ikageuka: ushuru ulipwe hapahapa kabla kontena halijatoka langoni. Makontena yakajaa ndani, malori yakajaa nje, kule bandari kavu wakahamia mbuzi. Sasa inatafutwa ardhi ya kuegesha malori, na macho yameangukia kipande kilicho kati ya ukuta na barabara, kile chenye chumba cha Mama Birika na kibanda chake. Mwenye hati atapewa kiwanja kingine. Asiye na hati atapewa nafasi ya kusema ukumbini, na majirani watatu wasimame wamshuhudie kwamba ni mkazi. Mama Birika hana hati. Ana sisi.

Asubuhi hiyo akatumiminia kwa zamu, kuanzia kwa Winchi mpaka kwangu, kisha akalifunika jiko majivu.

MAMA BIRIKA: Haya, baba zangu. Mkutano umeanza. Twendeni.

WINCHI: Tangulia, mama. Sisi tunakuja na hoja.

MAMA BIRIKA: Sitaki hoja, baba. Nataka watu watatu wasimame waseme wananijua.

TAMKO: Kimsingi, ukisimama bila hoja utakaa bila kitu. Tuachie kidogo tupate kauli moja.

KIPARA: Penye wengi hapaharibiki neno.

MAMA BIRIKA: Neno lenyewe ni fupi.

BREKI: Ndiyo maana linataka kupangwa, mama. Neno refu linajipanga lenyewe.

Mama Birika alitutazama kama anayetazama maziwa yasije yakafurika. Akasema birika tumeachiwa, tujihudumie, tusichelewe kwa sababu wanaita watu kwa zamu. Akavuka barabara peke yake, akipita katikati ya malori mawili. Tukamwangalia mpaka akaingia. Kisha tukaanza kazi.

TAMKO: Kimsingi, tunaanzia wapi?

BREKI: Tunaanzia kwa Mama Birika. Tunasema tunamjua, tunakaa.

WINCHI: Huo ni mwisho, kijana. Hoja haianzii mwisho. Inaanzia gatini. Wakati wetu meli ikifika, inashusha, inaondoka. Kwa nini? Kwa sababu winchi ilikuwa moja na mwenye winchi nilikuwa mimi. Meli zilijua hapa hapana mzaha. Leo winchi zimejaa, kila meli inajiona bibi harusi.

KIPARA: Kwa hiyo dawa ni kupunguza winchi?

WINCHI: Dawa ni meli ziwe na woga.

TAMKO: Kimsingi shida si winchi, shida ni ukaaji. Kontena likilipia mpakani, hapa linapita kama mtu wa kutoa pole msibani, anashika mkono anaondoka. Likilipia hapa, linakaa. Karatasi iko ghorofani, mwenye mhuri kashuka chini kula, na aliyebaki na ufunguo wa kabati la mhuri yuko semina ya kuharakisha mizigo.

BREKI: Na mimi nakaa nalo. Utingo wangu alikuja mseja, amechumbia humuhumu kwenye foleni. Binti anauza maji pale mbele. Foleni ikisogea haraka, uchumba unavunjika. Kila siku naswali malori yasogee, yeye anaswali yasisogee, na naona dua zake zina nguvu.

Ndani ya duka la Kipara kulikuwa na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Alikuwa mpita njia, mtu wa mbali aliyekuja kufuatilia mzigo wake, na Kipara alimwacha kitini na shuka shingoni kwa kuwa taifa lilikuwa linamhitaji. Sauti ikatoka ndani.

– Fundi, vipi?

KIPARA: Vumilia, ndugu yangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

– Koleo gani?

KIPARA: Nakuja. Wazee, mimi nina jibu. Mtaka cha mvunguni huinama.

WINCHI: Sasa cha mvunguni kimeingiaje?

KIPARA: Aliyeinama, mwisho wake si huinuka? Basi. Makontena yainuke. Badala ya kutafuta ardhi pembeni, tupande juu kama maghorofa. Tena tuyawekee miguu ya chuma, chini pabaki wazi, watu waishi chini.

BREKI: Chini ya makontena?

KIPARA: Dari si ndiyo hiyo? Huezeki, hupigi rangi. Mvua ikinyesha, unasikia tu kwa majirani.

BREKI: Na likianguka?

KIPARA: Limeanguka kontena la nchi jirani. Watalipa wao, tena ushuru hapahapa, sheria si inasema?

Tukacheka, tukamimina duru ya pili. Ng'ambo kipaza sauti cha ukumbini kilianza kunguruma. Kilikuwa kimeelekezwa upande wa pili, kwa hiyo maneno hayakutufikia, ulitufikia mvumo tu. Tamko alikunja uso.

TAMKO: Watu hawa hawana ustaarabu. Tunashindwa kusikilizana.

WINCHI: Ndiyo hali ya sasa. Kelele nyingi, kazi hakuna. Nisikilizeni mimi. Ardhi imekwisha, sawa? Lakini bahari ile pale. Haina hati, haina mpangaji, haina mtu wa kumhamisha. Meli zisishushe kitu. Meli yenyewe iwe godauni. Unafunga meli kwa meli, kamba kwa kamba, mpaka huko jicho linapokoma. Juu yake unatandika mbao, lori linapita.

BREKI: Linapita mpaka wapi?

WINCHI: Mpaka mzigo unakotoka. Mwenye mali aifuate kiwandani.

TAMKO: Kwa hiyo hatuleti kitu.

WINCHI: Hatuleti, hatujai. Umeona bandari iliyojaa kitu ambacho hakikuletwa?

Hakuna aliyewahi kuona. Hoja ikapita. Wakati huo honi ikalia na utingo akapunga mkono kutoka mbele: foleni imesogea. Breki akaruka, akavuka barabara mbio, akapanda lori lake, akalisogeza urefu wa lori moja, akashuka, akarudi akihema. Alipita mlangoni mwa ukumbi kwenda, akapita tena kurudi.

KIPARA: Umemwona Mama?

BREKI: Nimemwona. Amesimama, ameshika maikrofoni. Anaongea vizuri tu.

TAMKO: Unaona? Kimsingi amejimudu. Tukiingia sasa tutamkatiza.

BREKI: Si adabu kumkatiza mtu mzima.

WINCHI: Hata kidogo.

Basi kwa ajili ya adabu tukabaki. Mteja wa Kipara akatokea mlangoni na shuka lake shingoni, kichwa upande mmoja kweupe, upande mwingine msitu. Akauliza kama kuna kahawa. Tukamwonyesha birika, akamimina, akanywa amesimama, akasema ni nzuri kuliko ya kwao. Akauliza kelele za ng'ambo ni za nini. Kipara akamweleza kwa kifupi: ni mkutano wa yule mama wa kahawa, anataka mashahidi, sisi tunaandaa hoja. Yule mtu akatutazama, akatazama ukumbi, akaweka kikombe chini. Akavuka barabara na shuka lake.

KIPARA: Ameondoka na shuka langu.

TAMKO: Mwache, ni mgeni, hajui taratibu. Sasa sikilizeni, maana mimi nimefanya uchunguzi. Nendeni ukutani mkagonge kontena lolote. Linalia. Kwa nini linalia? Debe tupu haliachi kuvuma. Kimsingi yale makontena mengi hayana kitu.

WINCHI: Matupu yapo. Yakishashusha yanasubiri kurudi.

TAMKO: Yanasubiri nani? Hayo ndiyo wanayotaka uamini. Fikiria: wanatuletea hewa. Hewa ya kwao, ndani ya sanduku la chuma, juu ya ardhi yetu. Wanabadilisha sheria leo ili hewa ikae, kesho wanaibadilisha ili ije nyingine. Hewa ina mwenyewe, ndugu zangu. Ikishakaa mahali muda wa kutosha, kisheria pale ni kwake.

KIPARA: Kwa hiyo tunatawaliwa na hewa.

TAMKO: Kimya kimya.

WINCHI: Na mimi hewa hiyo nimeishusha miaka yote. Ndiyo maana mgongo ulikuwa unauma bila sababu.

BREKI: Mimi siogopi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Makontena yawe raia tu, tumalize ubishi. Kontena lina namba ubavuni, lina karatasi, lina mwenyewe, lina anwani. Linajulikana limetoka wapi na linakwenda wapi, lipo hapa mtaani siku nyingi kuliko wapangaji wengi. Lipewe kura. Likipiga kura litachagua barabara pana, na barabara ikiwa pana mimi naondoka.

KIPARA: Litapigaje kura halina kidole?

BREKI: Lina kona nne. Linachovya moja.

Hapo nilitaka kusema jambo juu ya mtu asiye na namba wala karatasi. Lilikuwa limeshafika kooni. Lakini Winchi alikuwa ameanza kuuliza kama kontena la futi arobaini lipewe kura mbili, na swali lilikuwa zuri, nikaliacha jambo langu lipite. Nikainua birika nijimiminie. Likatoa tone moja, kisha machicha.

– Kahawa imeisha, nikasema.

WINCHI: Tutafanyaje kauli bila kahawa?

TAMKO: Kauli iko karibu. Kimsingi tumekubaliana mambo mengi. Meli ziogope, makontena yapande juu au yapewe uraia, na hewa irudi kwao. Hao wa bandari wana lipi la kujibu? Tazameni benchi zima, yuko wapi mtu wao? Asiyekuwepo na lake halipo. Tumeshinda.

KIPARA: Bado kauli moja. Tuseme nini, kwa kifupi?

Tukaifinyanga. Winchi alitaka iwe na neno "gati". Breki alitaka iwe na neno "barabara". Kipara alitaka shuka lake. Mwishowe Tamko akasimama, akafunga kifungo cha juu cha shati, akaitoa: kwamba sisi wakazi, kwa kauli moja, tunaona jambo hili linahitaji kutazamwa. Tulipigiana makofi. Kweli ilikuwa kauli nzuri, haikuwa na mahali pa kushika.

Ni wakati wa makofi tulipogundua kwamba makofi yalikuwa yetu peke yetu. Kipaza sauti cha ng'ambo kilikuwa kimenyamaza.

WINCHI: Afadhali. Sasa tunaweza kwenda kuongea kwa utulivu.

Lakini mlango wa ukumbi ulikuwa wazi na watu walikuwa wanatoka, wengine wamebeba viti. Katikati yao akavuka mwanamke mwenye koti la manjano la kung'aa, kofia ngumu ameibana kwapani. Alikuwa mpima ardhi. Nyuma yake alikuja Mama Birika, na nyuma ya Mama Birika yule mteja wa nywele nusu, shuka limemwangukia mgongoni.

MPIMA ARDHI: Habari za hapa. Kahawa ipo?

KIPARA: Imeisha, dada.

MPIMA ARDHI: Basi. Natafuta majirani wa huyu mama. Alituambia wako njiani, wanakuja na hoja. Tumewasubiri, tumepitisha wengine wote kabla yake, tukamrudia. Aliyesimama ni huyu bwana peke yake. Akasema hamfahamu, anatoka mbali, ila kahawa yake ameinywa leo na mtu wa kahawa ile hawezi kuwa amefika jana. Watu walicheka, lakini hatukuweza kumwandika. Mwenyekiti akafunga.

Tamko akakohoa.

TAMKO: Kimsingi tulikuwa tunakamilisha kauli.

MPIMA ARDHI: Sawa, baba. Mimi ndiye ninayeingiza mashahidi daftarini, na sijarudi ofisini. Naweza kuwaandika hapahapa, mmeketi hivyohivyo. Mama, hawa ndio wenyewe?

MAMA BIRIKA: Ndio hao.

Yule mpima akafungua daftari, akaanza kutusomea majina. Alimsomea Winchi jina lake, la baba yake na la babu yake, na Winchi akavua kofia bila kujua. Akamsomea Kipara. Akamsomea Breki, ambaye hata utingo wake nadhani hajui kama ana jina. Alipofika kwangu nilisikia jina langu lote, refu kama lilivyo, na sikuwa nimelisikia hivyo tangu nimalize shule. Yote yalikuwa sahihi. Mama Birika alimtajia kwa kichwa, akiwa amesimama mbele ya ukumbi mzima, huku akigeuka kutazama mlango.

Hapo ndipo aibu iliponishika, na ilinishika masikioni. Niliona kreti la soda limekuwa refu, miguu yangu haifiki chini.

MPIMA ARDHI: Yeye amewataja wote, hajakosea. Kwa hiyo najua ni mtu wa hapa. Lakini siandiki ninachojua mimi, naandika mnachosema ninyi. Sina haja ya hoja. Nitajieni huyu mama anaitwa nani, mtie sahihi, niende.

BREKI: Hilo tu?

MPIMA ARDHI: Hilo tu.

KIPARA: Mama Birika.

MPIMA ARDHI: Hilo mmempa ninyi. Nataka alilopewa na baba yake.

Kipara akamtazama Breki. Breki akasema ana mwanawe mmoja mkubwa, yule aliyekwenda kusoma ufundi wa umeme, kwa hiyo ni Mama nani yule, Mama nani, jina liko kwenye ulimi. Winchi akasema amekunywa kahawa ya mama huyu tangu bandari haijawa na taa za usiku, na siku mkewe Winchi alipolazwa, ni mama huyu aliyempelekea uji hospitalini asubuhi na jioni. Aliyasema hayo kwa sauti ya kupanda, kama anayekaribia jambo, kisha sauti ikakatika. Sote tukamgeukia Tamko.

TAMKO: Kimsingi...

MPIMA ARDHI: Jina, baba.

Tamko akakaa. Mama Birika alifungua mdomo, na yule mpima akanyoosha mkono taratibu.

MPIMA ARDHI: Usiwasaidie, mama. Ukiwasaidia haitakuwa ushahidi wao.

Mama Birika akafunga mdomo. Akatutazama mmoja mmoja kwa zamu ileile anayomiminia, kuanzia kwa Winchi mpaka kwangu. Hakuwa na hasira, na ningependa sana angekuwa nayo. Alikuwa anatusubiri.

– La kwanza tu, akasema mpima ardhi. La ukoo nitaliacha.